Vipimo vya Macho kwa Wakaguzi wa Upimaji Usioharibu

Upimaji usioharibu, unaofahamika viwandani kwa herufi NDT, ni kazi ya kutafuta kasoro zilizomo ndani au juu ya chuma, plastiki na zege bila kukata wala kuvunja kitu kinachopimwa. Njia zake ni nyingi: eksirei na mionzi ya gama, mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, sumaku, mikondo ya umeme, na vimiminika vinavyopenya kwenye nyufa. Lakini karibu njia zote huishia mahali pamoja, kwenye jicho la mtu anayetazama filamu, skrini ya mtambo, au mstari mwekundu uliojitokeza juu ya unga mweupe, kisha akaamua kama kifaa kipite au kikataliwe. Mkaguzi mwenye macho hafifu hajui alichokosa kukiona. Ufa uliompita hauachi alama yoyote kwenye ripoti, na ripoti yake huonekana safi sawa na ya mwenzake mwenye macho mazuri. Ndiyo maana mifumo yote mikubwa ya kuthibitisha wakaguzi inadai macho yao yapimwe na mtu mwingine, kwa vipindi vilivyopangwa, na matokeo yahifadhiwe kwa maandishi.

Sharti linalotumika katika nchi nyingi zaidi ni la kiwango cha kimataifa ISO 9712. Kiwango hicho kinataka mkaguzi aweze kusoma herufi za Jaeger namba 1, au za Times Roman zenye ukubwa wa N4.5, au nyingine zinazolingana nazo, kwa umbali usiopungua sentimita 30, kwa jicho moja au yote mawili, akiwa na miwani au bila miwani. Kwa upande wa rangi, anatakiwa aweze kutofautisha rangi au viwango vya kijivu vinavyotumika katika njia anayoifanyia kazi, kama mwajiri atakavyobainisha. Katika toleo la 2021 uwezo wa kuona karibu hupimwa kila mwaka, na ule wa rangi angalau kila baada ya miaka mitano. Nchini Marekani mwongozo uliozoeleka ni SNT-TC-1A wa chama cha ASNT, uliotolewa kwa mara ya kwanza 1966. Huo unaridhika na Jaeger namba 2 kwa inchi 12, yaani takriban sentimita 30.5, na kwa kuwa ni mapendekezo tu, kila mwajiri huandika utaratibu wake akiufuata. Viwanda vya ndege vina NAS 410, na Ulaya EN 4179. Humo mkaguzi anaweza kupimwa kwa Jaeger namba 1 au kwa chati ya Snellen ya karibu, akitakiwa kufikia 20/25. Kanuni za mitambo ya shinikizo za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, katika sehemu inayohusu ukaguzi wa macho, zinataka Jaeger namba 1 kila mwaka. Na zile za mitambo ya nyuklia zinaongeza kipimo cha kuona mbali kwa baadhi ya kazi, kwa sababu mtu anayetafuta uvujaji kwenye bomba lililopita juu ya dari hatumii uwezo uleule wa kusoma maandishi madogo.

Kipimo cha mwaka kina sababu ya kimwili. Ili kuona kitu kilicho sentimita 30 kutoka usoni, lenzi ya jicho hulazimika kujikunja kwa nguvu ya takriban dayopta 3.3. Kijana wa miaka 20 hufanya hivyo bila kujua. Lenzi huendelea kukakamaa umri unavyopanda, na kati ya miaka 40 na 45 watu wengi huanza kuusogeza mbali ukurasa wanaousoma. Mabadiliko hayo huja taratibu kiasi kwamba mhusika huyazoea kabla hajayatambua: husogeza kichwa nyuma, huongeza taa, hukunja uso. Mkaguzi mwenye uzoefu wa miaka 20, ambaye saini yake inaaminika kuliko ya wote kazini, ndiye aliye katika umri huo. Mtoto wa jicho, kisukari na presha ya macho navyo huanza kimyakimya. Miezi 12 ni muda wa busara. Miaka mitano kwa uwezo wa kuona karibu ingekuwa mirefu mno. Upungufu wa rangi wa kuzaliwa haubadiliki, kwa hiyo kipimo chake kinaweza kusubiri, ingawa si milele, maana magonjwa ya neva ya jicho na baadhi ya dawa huweza kuharibu utambuzi wa rangi wa mtu aliyezaliwa nao mzima.

Namba ya Jaeger yenyewe inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa kawaida. Eduard Jäger, daktari wa macho wa Vienna, alitoa kurasa zake za majaribio 1854. Hakuanza na hesabu ya pembe ya kuona. Alichukua ukubwa wa herufi uliokuwapo katika kiwanda cha uchapaji cha serikali mjini humo, akaupa namba kwa mfuatano. Miaka minane baadaye, 1862, Herman Snellen wa Utrecht alitoa chati iliyojengwa juu ya kanuni: herufi ya kawaida ichukue dakika tano za pembe kwenye jicho, na unene wa kila mstari wake uwe dakika moja. Chati ya Snellen inaweza kuchorwa upya popote kwa rula na hesabu. Ya Jaeger haiwezi. Wachapaji waliomfuata walitumia herufi walizokuwa nazo, na matokeo yake ni kwamba kadi mbili zilizoandikwa Jaeger namba 1, kutoka kwa watengenezaji wawili, huweza kuwa na herufi zinazotofautiana waziwazi. Mkaguzi akishindwa kwa kadi moja akafaulu kwa nyingine siku hiyohiyo, hakuna kilichobadilika ila karatasi. Shirika la ISO limejaribu kuziba pengo hilo kwa kutoa kiwango cha pekee, ISO 18490 cha 2015, kinachohusu jinsi ya kupima makali ya macho ya wakaguzi hawa. Hata hivyo Jaeger bado inatawala, kwa sababu kadi yake ni rahisi, inaingia mfukoni, na imeandikwa katika mikataba ya miaka mingi.

Ndani ya sharti la ISO 9712 kuna kipimo kingine kinachopotosha watu. Kiwango kinataja herufi zenye kimo cha milimita 1.6. Pointi moja ya wachapaji ni takriban milimita 0.353, hivyo pointi 4.5 ni milimita 1.59. Maana yake, milimita 1.6 ni kimo cha nafasi nzima ambayo herufi hupewa katika uchapaji, kuanzia juu ya herufi ndefu hadi chini ya mkia wa g au y. Si kimo cha herufi ndogo kama a, e au n, ambazo katika Times ni chini ya nusu ya hapo, kama milimita 0.7. Herufi ya milimita 0.7 iliyo sentimita 30 mbali hujaza pembe ya dakika nane hivi, ambalo ni jaribio la kweli. Ofisi itakayochukua rula na kuchapa herufi kubwa zenye kimo cha milimita 1.6 itakuwa imetengeneza kadi yenye herufi za dakika 18, na mtu mwenye macho hafifu sana ataisoma bila shida. Fomu itajazwa, cheti kitatolewa, na sharti litaonekana limetimizwa.

Makosa ya upimaji wenyewe ni ya kawaida mno kuachwa bila kutajwa. La kwanza ni umbali. Mtu anapokabidhiwa kadi mkononi huipeleka pale anapoona vizuri, na hapo kipimo kinakuwa cha urefu wa mkono wake. Kamba au kijiti cha sentimita 30 kinatosha kuondoa tatizo hilo. La pili ni kadi iliyotolewa nakala kwenye mashine au kuchapwa kutoka kwenye kompyuta, ambapo ukubwa wa herufi hubadilika bila mtu kujua na kingo zake hufifia. La tatu ni kadi moja kutumika miaka yote, mpaka kila mkaguzi akajua aya ya kwanza kwa moyo. La nne, ambalo huonekana hata katika hati zilizotolewa na hospitali nzuri, ni kupima kisichotakiwa. Mkaguzi huenda kliniki, husomeshwa chati ya ukutani kwa mita sita, na hurudi na karatasi iliyoandikwa 6/6. Hayo ni matokeo ya kuona mbali. Mtu wa miaka 50 anaweza kupata 6/6 ukutani na asiweze kusoma maandishi ya chupa ya dawa. Daktari hana kosa, kwani hakuambiwa kinachohitajika. Mwajiri anayetuma watu wake bila fomu inayotaja njia ya upimaji, kadi, umbali, na swali la rangi ndiye aliyelikosa jambo.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina uzito wake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na bomba la namna hiyo lina maelfu ya viungo vya kulehemu vinavyotakiwa kukaguliwa. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kupitia mkataba wa AFRA, limeshiriki kwa miongo kadhaa kufundisha wataalamu wa upimaji usioharibu barani. Mafunzo hayo huwagharimu waajiri na serikali fedha nyingi. Kipimo cha macho hugharimu dakika chache na kadi. Inasikitisha kuona kile cha bei ndogo kikifanywa kwa uzembe huku kile cha gharama kikilindwa kwa mihuri.

Kuhusu rangi, chombo kinachotumika zaidi ni kurasa za Shinobu Ishihara, Mjapani aliyezitoa 1917. Nukta za rangi mbalimbali hupangwa hivi kwamba mwenye macho ya kawaida huona tarakimu na mwenye upungufu wa nyekundu na kijani huona nyingine au haoni kitu. Upungufu huo huwapata takriban wanaume 8 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na mwanamke mmoja tu kati ya 200 wa asili hiyo. Katika jamii za Kiafrika idadi ni ndogo zaidi. Kurasa za Ishihara ni bora kwa kazi yake, lakini zinahitaji mwanga unaofanana na wa mchana. Chini ya balbu ya njano matokeo hupotoka. Tena hazigundui upungufu wa buluu na njano.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kurasa za Ishihara haziulizi swali la kiwanda. Mkaguzi wa vimiminika vya kupenya anahitaji kuona wekundu juu ya unga mweupe. Tofauti hiyo ni ya rangi, lakini pia ni ya giza na mwanga, na watu wengi wenye upungufu mdogo huiona vyema. Anayetumia kimiminika kinachong'aa anahitaji kuona kijani-njano katika chumba chenye giza. Anayetumia unga wa sumaku mweusi juu ya rangi nyeupe hahitaji rangi hata kidogo. Kwa hiyo viwango havisemi kwamba aliyeshindwa Ishihara afukuzwe. Vinasema awe na uwezo wa kutofautisha rangi za njia yake. Njia ya haki ni kumpa jaribio la pili kwa vifaa halisi: vipande vyenye nyufa zinazojulikana na visivyo na nyufa, vikichanganywa, mbele ya msimamizi wa daraja la tatu, ambalo ndilo la juu kabisa, na matokeo kuandikwa. Kumwondoa mtu kazini kwa sababu ya kurasa za nukta pekee ni dhuluma, na kumpitisha kwa kumwonea huruma bila jaribio hilo la pili ni hatari kwa watakaotumia kifaa. Chama cha walehemu cha Marekani, AWS, kimechagua njia ya kati: wakaguzi wake wa kulehemu hupimwa rangi na matokeo huandikwa, ila kushindwa hakuwanyimi cheti, na uamuzi hubaki kwa mwajiri.

Msomaji wa filamu za eksirei ana tatizo jingine. Kazi yake yote ni kijivu juu ya kijivu. Ubora wa picha huthibitishwa kwa nyaya nyembamba zinazowekwa juu ya kiungo kabla ya kupiga picha. Katika mfululizo wa kimataifa waya wa kwanza una kipenyo cha milimita 3.2 na wa kumi na tisa milimita 0.05. Uwezo wa kuuona waya mwembamba ulio kijivu kidogo kuliko mazingira yake ni uwezo wa kutambua tofauti ndogo za mwanga, na huo haupimwi na herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Mtu mwenye mwanzo wa mtoto wa jicho huweza kusoma Jaeger namba 1 na bado akapoteza nyaya mbili au tatu kwenye filamu nzito. Viwango vimeanza kutaja viwango vya kijivu, lakini kwa kuwa mbinu imeachiwa mwajiri, mara nyingi sehemu hiyo ya fomu hutiwa alama ya tiki tu. Mwajiri makini huweka filamu ya mfano yenye hatua za kijivu na nyaya, akaitumia kila mwaka.

Macho yaliyofaulu kliniki yanaweza kushindwa kazini kwa sababu ya mwanga. Kanuni za ASME zinataka mkaguzi wa macho awe ndani ya milimita 600 kutoka kwenye uso anaoukagua, kwa pembe isiyopungua nyuzi 30, penye mwanga wa takriban luksi 1,000. Vimiminika vinavyong'aa hudai kinyume: giza lisilozidi luksi 20 za mwanga wa kawaida, na mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365 wenye nguvu ya angalau mikrowati 1,000 kwa kila sentimita ya mraba. Jicho linalotoka juani halioni kitu humo mara moja. ASME inataka dakika tano za kuzoea giza, viwango vingine vinaridhika na dakika moja, na ukweli ni kwamba asubuhi yenye kazi nyingi hata dakika hiyo moja huibiwa. Miwani inayogeuka nyeusi juani hairuhusiwi kabisa, kwa sababu urujuanimno huitia giza na mvaaji hupoteza mwanga hafifu anaoutafuta. Mwanga huo ukiakisiwa moja kwa moja machoni huifanya lenzi ya jicho yenyewe ing'ae, na mtu huona ukungu. Miwani ya kinga inayozuia urujuanimno huondoa tatizo hilo.

Miwani ya kusomea nayo ina mipaka. Iliyotengenezwa kwa sentimita 40 hutia ukungu kwa 70 au 80, na mkaguzi aliyelala chini ya tangi akitazama kiungo kilicho juu ya kichwa chake hutazama kupitia sehemu ya juu ya lenzi, ambayo kwa miwani ya nguvu mbili ni ile ya kuona mbali. Sharti la kweli ni kwamba miwani iliyovaliwa wakati wa kipimo ndiyo ivaliwe kazini, na fomu iseme hivyo. Mtu aliyefaulu akiwa na miwani na kuiacha nyumbani, siku hiyo hana sifa ya kusaini.

Zaidi ya hayo yote, kuna kitu ambacho hakuna kadi inayokifikia. Herufi ziko mbele ya mtu, zimepangwa, na anajua kwamba zipo. Ufa hauko hivyo. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 ya United Airlines, safari namba 232, ilianguka Sioux City, Iowa, baada ya diski ya feni ya injini ya nyuma kupasuka. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walikufa. Diski hiyo ya titani ilikuwa imekaguliwa kwa kimiminika kinachong'aa, na wachunguzi walihitimisha kwamba wakati wa ukaguzi wa mwisho ufa ulikuwapo na ungeweza kuonekana. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilitaja kama chanzo kutozingatiwa kwa kutosha mipaka ya kibinadamu katika ukaguzi. Tarehe 6 Julai 1996, huko Pensacola, Florida, kitovu cha feni cha ndege ya MD-88 ya Delta kilipasuka wakati wa kuanza kuruka, na abiria wawili wakafa. Hapo pia ufa ulipita kwenye ukaguzi wa aina hiyohiyo, na wachunguzi walizungumzia matarajio madogo ya mkaguzi kwamba angekuta ufa katika kifaa cha namna ile.

Maabara imeonyesha jinsi matarajio yanavyoathiri jicho. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walitafuta kitu katika picha zilizojaa vitu vingine. Kitu hicho kilipokuwamo katika nusu ya picha, walikikosa mara 7 kati ya 100. Kilipokuwamo katika picha 1 tu kati ya 100, walikikosa mara 30 kati ya 100. Macho yalikuwa yaleyale. Mkaguzi wa ndege au wa bomba hufanya kazi katika hali hiyo ya pili, maana sehemu nyingi mno anazoshika ni nzima. Dawa ya tatizo hili haimo kwenye kliniki. Imo katika kupumzika kwa vipindi, kubadilishana zamu, kuchanganya vipande vyenye kasoro vinavyojulikana ndani ya kazi ya kawaida, na kutomharakisha mtu. Kipimo cha macho hakiondoi haja hiyo, ila bila hicho juhudi hizo zote hujengwa juu ya jicho ambalo hakuna anayejua hali yake.

Anayeshindwa kipimo cha mwaka hapotezi ujuzi wake, bali kibali cha kuutumia. Chini ya ISO 9712 cheti hukosa nguvu pale mtu asipoweza tena kutimiza kazi kwa sababu ya macho, na uthibitisho wa macho usiozidi miezi 12 hudaiwa pia cheti kinapohuishwa baada ya miaka mitano. Mara nyingi suluhisho ni miwani mipya na kipimo cha pili. Upasuaji wa mtoto wa jicho hurudisha wengi kazini, ila wapimwe upya kabla ya kusaini chochote, bila kungoja tarehe ya mwaka. Asiyeweza kutofautisha rangi za kimiminika anaweza kubaki kwenye mawimbi ya sauti, ambako ishara ni mstari unaopanda na kushuka kwenye skrini; kwa mitambo mipya inayochora picha za rangi, rangi hizo huweza kubadilishwa kuwa kijivu. Kibali chake kitaje njia anazoruhusiwa na zile asizoruhusiwa, na nakala ikae mahali ambapo msimamizi wa zamu anaweza kuiona kabla ya kugawa kazi.